Umeme Unaopiga Hodi Mara Tatu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini tangu afungue karakana ile hakuna aliyelitumia tena. Mtaa mzima ulimwita Chomoa. Kila aliyepita mlangoni pake alimkuta mwanamke wa miaka arobaini na ushei, miwani imeshuka puani, ameketi mbele ya kisanduku cheupe chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, plagi mkononi. Anachomeka, anasubiri taa ya kijani iwake, anachomoa. Anafungua, anasoma, anatia alama ya vema daftarini. Kisha anachomeka tena. Fundi viatu wa mlango wa pili, mtu asiyejua kunyamaza, alishatangaza kwamba mama yule ama ana ugomvi na watu wa umeme, ama ana ugomvi na mumewe, na plagi ndiyo inayobeba lawama.

Ukweli ulikuwa mwingine. Chomoa alitengeneza visanduku vya kuchunga chanjo. Kisanduku kinapachikwa ubavuni mwa friji ya kliniki, waya wenye kipimajoto unaingia ndani, na kila baada ya dakika tano kinaandika kwenye memori kadi, ndogo kama ya simu, friji ina nyuzi ngapi. Chanjo inataka nyuzi mbili hadi nane, basi. Ikipata joto inakufa, na ubaya wa chanjo iliyokufa ni kwamba haijulikani kwa macho. Kichupa ni kilekile, maji ni yaleyale, mtoto anachomwa sindano na kulia bure. Ndiyo maana sheria yake haina mzaha: pasipo kumbukumbu ya joto, chanjo inatupwa, hata kama ilikaa salama mwezi mzima.

Sasa basi, umeme ukikatika ghafla wakati kisanduku kinaandika, faili huharibika. Na halipotei neno moja tu. Faili zima laweza kugoma kufunguka, mwezi mzima ukaenda na maji kwa ajili ya nukta moja. Chomoa alilijua hilo mapema. Akatia ndani kapasita, kidude kama kidole gumba kinachojaza umeme kidogo wa akiba. Umeme ukikatika, kisanduku kinabaki na sekunde sita za kumalizia kinachoandika, kufunga faili na kulala. Alikijaribu mara mia mbili. Mara mia mbili alichomoa, mara mia mbili faili likafunguka. Akavipeleka visanduku kumi kwenye kliniki kumi, akarudi nyumbani akala akashiba.

Tisa vilifanya kazi. Cha kumi kikamuumbua.

Kliniki ya kumi ilikuwa ya vyumba vitatu na korido moja, na iliongozwa na nesi mnene mwenye sauti ya kuamsha zamu nzima. Mwezi wa kwanza faili lilipoharibika, nesi alipiga simu kwa upole. Mwezi wa pili upole ulikuwa umekwisha.

"Fundi, limekufa tena."

"Faili?"

"Faili, ndiyo! Nimeamriwa nitupe chanjo zote. Vichupa mia na arobaini, nimevitia kwenye boksi la kuteketeza kwa mikono yangu hii. Na friji ilikuwa na nyuzi nne, fundi! Nne!"

"Pole sana, sista."

"Pole haikingi surua. Barua imekuja. Kumbukumbu ikikosekana mara ya tatu, friji inahamishwa, inapelekwa kituo kingine. Mama zangu hapa waanze kubeba watoto mpaka hospitali kubwa, nusu siku kwa miguu. Unajua ni wangapi watakwenda? Nusu. Hiyo nusu nyingine nitakuja kuiona humu ndani inachemka kwa homa."

Chomoa akavuta daftari lake. Kisha akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza. "Umeme ukikatika, huko kwenu mnafanya nini?"

"Tufanye nini? Tunasubiri urudi, kama watu wote."

Simu ilipokatika, Chomoa akasema neno ambalo baadaye alitamani kulimeza. Alisema, "Watu wa kule hawajui kutunza vitu." Mwamba ngozi huvutia kwake, na fundi aliyeumbuliwa huvuta kwa mikono miwili.

Mama yake alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akijaza chemsha bongo ya gazeti la juzi. Alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na moja, na kustaafu hakukumpunguzia hata chembe tabia ya kusahihisha watu.

"Tisa wanajua kutunza, wa kumi tu ndiye hajui?"

"Mama, nimejaribu mara mia mbili."

"Nimekuona. Unachomoa kama mtu anayemvua mtoto soksi, asije akamwamsha. Umeme wetu huu umeuona lini una adabu hizo?"

Chomoa alicheka, lakini maneno yenyewe yaliingia sikio hili yakatokea la pili.

Kesho yake akafunga safari. Alibeba laptopu, betri ya gari, na kisanduku pacha. Huko kliniki alikihamisha kisanduku chao akakiunganisha na betri ile, kisije kikapata ajali ya tatu. Pacha akamchomeka ukutani awe chambo. Kisha akaketi kwenye benchi la korido, katikati ya mama wenye watoto mapajani, akangoja umeme ukatike.

Haukukatika. Siku ya kwanza ulikaa kutwa, siku ya pili ukakaa kutwa. Nesi alisema tangu azaliwe hajapata kuona mtu anayeomba dua umeme uende, na kwamba angejua ni hivyo angemwita Chomoa aje akae hapo miaka yote. Mama mmoja akamwuliza kama amekuja kupima ujauzito. Chomoa akasema la, anapima friji. Mama yule akasogea kidogo benchini.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, feni ya korido ikapunguza mwendo, ikasimama.

Chomoa akainuka. Na hapo ndipo alipomwona mtu ambaye kwa siku mbili alikuwa akimpisha miguu apige deki bila kumtazama usoni. Alikuwa mfanyakazi wa usafi, mwanamke mkavu wa umri wa kukaribia sitini, kanga kiunoni, viatu vya mpira. Yule mama aliegemeza deki yake ukutani. Akaenda bila haraka mpaka nyuma ya mlango, mahali mafagio yanapoangikwa, akaishusha swichi kubwa ya jengo. Kisha akapindua ndoo, akaikalia karibu na dirisha, macho kwenye taa ya duka la dawa la ng'ambo ya barabara.

Zikapita dakika arobaini. Taa ya duka la dawa ikawaka. Mama wa usafi akasimama, akapandisha swichi. Korido ikawaka. Akainamisha kichwa upande wa friji, akasikiliza, akaishusha. Giza. Akapandisha tena, akasikiliza, akashusha. Mara ya tatu akapandisha, akasikiliza kwa kirefu, akaiacha. Akaupiga ule mlango wa kasha la swichi kakofi kadogo kama mtu anayeagana na ng'ombe aliyekwisha kamuliwa, akachukua deki yake.

Chomoa akamkimbilia pacha, akatoa kadi, akaitia kwenye laptopu. Faili halikufunguka.

Aliona yote kwa mara moja, na akaona aibu. Kule karakana, kila alipochomoa na kuchomeka tena, alisubiri taa ya kijani. Taa ya kijani ilimaanisha kapasita imejaa. Alikuwa akikichomoa kisanduku kiungwana, baada ya kukipa nafasi ya kuvuta pumzi. Umeme wa kweli hausubiri taa ya mtu. Hapa kisanduku kiliamka, na kazi ya kwanza ambayo yeye mwenyewe alikifundisha ni kulifuta faili la zamani na kuliandika upya likiwa limepangwa vizuri. Kikiwa kimeshafuta na hakijamaliza kuandika, pap, giza, na akiba ndani ya kapasita haijafika hata robo. Kilifia katikati, cha zamani hakipo na kipya hakipo.

Alifungua daftari lake. Ripoti ilitakiwa kwenda kwa msimamizi wa chanjo, na sentensi ilikuja yenyewe: *Chanzo cha hitilafu ni mfanyakazi wa usafi kuchezea swichi kuu.* Aliiandika. Haikuwa na uongo ndani yake. Visanduku vyake vingetoka visafi, na nafasi ya kazi ya mama yule ingetangazwa wiki ijayo.

Lakini alikuwa fundi, na fundi hawezi kuiacha swichi bila kuuliza. Akamfuata kwenye sinki la nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeme wako umeupata?"

"Nimeupata. Mama, nilikuona pale kwenye swichi. Mbona mara tatu?"

Mama wa usafi akamtazama kana kwamba ameulizwa mbona anavaa viatu viwili. "Hodi hupigwa mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi na umeme nao upige hodi. Umetoka huko unakotoka una hasira, utauingiza ndani hivihivi? Ya kwanza nausikia tu. Ya pili nasikiliza friji inaupokeaje. Ikiunguruma vibaya, nashusha, nangoja tena. Ikiunguruma vizuri, ya tatu nasema karibu."

"Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha." Akakamua kitambaa, akakianika. "Tulikuwa na friji nyingine zamani. Umeme ulirudi kwa kishindo, moshi nikauona mimi, mtu wa kwanza. Tukakaa miezi mitano bila friji. Mjukuu wangu siku yake ya sindano ilianguka humo ndani ya miezi hiyo. Akapata surua. Alipona, Mungu mkubwa, ila jicho la kushoto halikurudi. Tangu siku hiyo umeme hauingii humu bila mimi kuusikiliza."

"Umemwambia nani?"

"Nani ameniuliza?"

Hakuna aliyemwuliza, kwa kweli. Nesi umeme ukikatika huwa chumbani na wagonjwa, na Chomoa alikuwa amemwuliza nesi. Alirudi kwenye benchi lake. Akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika chini yake: *Chanzo: kisanduku kinafuta cha zamani kabla kipya hakijakamilika. Kosa ni langu.* Iliuma kuiandika. Lakini mficha uchi hazai.

Nyumbani alimkuta mama yake kwenye kiti kilekile.

"Mama, ulipokuwa ukinakili daftari la mahudhurio, lile la zamani ulilichana wakati gani?"

"Nilichane!" Kalamu ikaanguka. "Unanakili jipya lote. Mwalimu mmoja anakusomea la zamani, wewe unafuata kwenye jipya, mstari kwa mstari. Mkimaliza salama, ndipo unaandika jina la darasa juu ya jalada jipya, na la zamani linakwenda kabatini. Likiharibika katikati, unalitupa hilo jipya, la zamani lipo. Usiache mbachao kwa msala upitao, hukufundishwa?"

"Nilifundishwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Basi nenda kabandike chai, msomi."

Chomoa akabandika chai, kisha akaandika programu upya, na aliyoiandika ilikuwa daftari la mahudhurio hasa. Kisanduku sasa kingeandika faili jipya pembeni, kilisome chenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na likiwa zima ndipo kilipe jina la lile la zamani. Mpaka hapo la zamani haliguswi. Tena kikiamka kisikimbilie kazi kubwa. Kiandike mstari mmoja tu mfupi, *nimeamka saa fulani*, kiufunge kwa alama, na mstari usio na alama mwishoni uhesabiwe haupo. Kazi ya kunakili faili zima ianze sekunde nane baadaye, akiba ikiwa imejaa.

Safari hii hakujaribu mwenyewe. Alirudi kliniki na pacha, akamvutia waya wake wa pembeni ili friji isiguswe, akamkabidhi mama wa usafi swichi ya soketi.

"Mama, naomba uniharibie hiki."

"Kabisa?"

"Kwa kadiri utakavyoweza."

Mama wa usafi akafunga kanga vizuri. Alianza kwa zile hodi zake tatu, kisha akanogewa. Akapiga tano, akapiga moja, akazima akaenda kumwaga ndoo, akarudi akawasha na kuzima papo hapo. Mama wa benchini wakaanza kumshangilia. Nesi akatoka kuona kelele ni za nini, akapewa zamu yake, akaipiga swichi kama mwenye deni nayo. Kila baada ya raundi, Chomoa alitoa kadi na kusoma. Zima. Zima. Zima. Raundi ya thelathini na saba, faili la mwezi lilikuwa zima, lakini mistari ya dakika ya mwisho haikuwemo.

Chomoa akavua miwani. "Kuna mahali imeniponyoka. Kinaanza kunakili mapema, kinadhani kapasita imejaa."

"Kinajuaje kwamba imejaa?"

"Kinahesabu sekunde nane."

"Ah." Mama wa usafi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unahesabu. Mimi sihesabu, mwanangu. Umeme mwingine unakuja dhaifu, hata ukihesabu mia ni dhaifu tu. Mimi nasikiliza."

Chomoa alimwangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu. Kisha akafungua laptopu palepale benchini, akaifuta ile nane, akakifundisha kisanduku kipime akiba yake chenyewe, na kisianze mpaka kione imejaa kweli, hata ikichukua dakika. Jioni ile, kabla ya kliniki kufungwa, walikuwa wamefika raundi mia na kumi na mbili, na mama wa usafi alikuwa ameanza kukasirika kwamba hawezi kukiharibu.

Kisanduku cha kliniki kikatiwa programu hiyohiyo, kikarudishwa ukutani, na mwezi ukaenda. Ulikuwa mwezi mbaya wa umeme, ambao ndio mzuri kwa kujaribia. Siku ya ukaguzi Chomoa alikuja, akaketi benchini pake. Nesi alikuwa amepiga pasi sare yake mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Msimamizi wa chanjo, bwana mrefu asiyecheka, akachomeka kadi kwenye laptopu yake. Nesi alishika mkono wa Chomoa bila kujua kwamba ameushika.

Faili likafunguka. Siku thelathini zote zilikuwemo, hapakuwa na nyuzi chini ya mbili wala juu ya nane.

Nesi akaanza kutoa pumzi, lakini msimamizi aliinua kidole. "Ngojeni. Hapa kuna jambo. Kila umeme unaporudi, kisanduku kinaandika kwamba umerudi, umekatika, umerudi, umekatika, umerudi. Mara tatu, kila safari. Hakuna umeme duniani unaofanya hivyo kwa mpangilio. Hii ni hitilafu. Siwezi kuiamini kumbukumbu ya namna hii."

Nesi akamgeukia Chomoa, macho yamemtoka. Jibu lilikuwa moja tu, na kulisema ni kumtaja mtu.

Deki ikagonga ndoo mlangoni. "Huyo ni mimi," akasema mama wa usafi.

"Wewe nani?"

"Hiyo mara tatu. Ni mimi. Njoo nikuonyeshe."

Akamchukua msimamizi mpaka nyuma ya mlango wa mafagio kabla bwana yule hajapata la kusema. Chomoa akawahi kuirudisha kadi kisandukuni, na mama wa usafi akaishusha swichi kubwa. Akangoja kimya kimya, watu wote wamesimama gizani na watoto wao. Akapandisha, akasikiliza, akashusha. Akapandisha, akasikiliza, akashusha. Akapandisha, akaacha. Chomoa, ambaye alijua kila waya uliokuwamo ndani ya kile kisanduku, naye alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza.

Walirudi kwenye friji. Msimamizi akaitoa kadi, akaichomeka, akateremka mpaka chini kabisa ya faili. Akasoma kwa sauti, polepole: umekatika saa tatu na dakika hamsini na moja. Umerudi saa tatu na hamsini na tano. Umekatika. Umerudi. Umekatika. Umerudi. Juu ya mistari hiyo siku thelathini zilikuwa zimekaa kama zilivyokuwa.

Bwana asiyecheka hakucheka. Alichukua kalamu, akatia saini mahali pa saini. "Friji inabaki," akasema. Kisha akamwomba mama wa usafi amweleze tena, kwa utaratibu, hiyo ya kusikiliza inakuwaje, maana kuna vituo vingine vinne vilivyounguza friji mwaka huu.

Nesi akalia waziwazi, akajipangusa kwa ukingo wa sare iliyopigwa pasi, akapaza ile sauti yake: "Anayefuata! Haya, mlete huyo mtoto!"

Watu walipopungua, mama wa usafi alisogea kwenye laptopu ya Chomoa, mikono nyuma, asije akagusa.

"Ziko wapi zangu?"

Chomoa akamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, mwezi mzima. Hodi ya tarehe mbili, hodi ya tarehe tano, mbili za tarehe tisa, siku ambayo umeme ulirudi mbovu naye akaurudisha ulikotoka. Mama wa usafi alizifuata zote, midomo ikicheza.

"Miaka kumi na tisa niko hapa," akasema. "Sijapata kuandikwa mahali popote." Akasogeza uso karibu na kioo. "Hazitafutika, mwanangu?"

"Hazifutiki, mama," Chomoa akasema. "Hata uchomoe."